Mkono wa Bi Somoe

Aliyeliona kosa hakuwa mhariri wa Dar es Salaam, wala kompyuta yake, wala Kazija mwenyewe aliyezichora kurasa zote sabini na mbili. Aliyeliona ni Mzee Maftaha, aliyekwenda stationeri kutoa kopi ya kitambulisho, mtu asiye na habari na katuni tangu azaliwe.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Lindi mjini, kwenye kiduka kilicho nyuma ya soko. Fortunata, dada wa Kimakonde kutoka Mtama anayeendesha mashine pale, alikuwa anachapa kurasa zilizotumwa kutoka Dar kwa WhatsApp. Kila ukurasa ukitoka anaupuliza, anautazama, ndipo anampa Kazija.

"Da Kazija, umetisha! Kumbe ndiyo kazi uliyokuwa unajifungia ndani?"

Kazija akacheka kwa furaha iliyochanganyika na haya. Mjini anajulikana kwa kuwachora watu piko. Maharusi wa kuanzia Mchinga hadi Sudi wamepita mikononi mwake. Lakini hii ilikuwa *Sinia la Liwali*, tamthilia ya marehemu baba yake, Mwalimu Issa. Ilichezwa Kilwa Kivinje karibu miaka hamsini iliyopita, ikachapwa kitabu chembamba, ikasomwa mashuleni mpaka majalada yakanyofoka. Sasa kuna wachapishaji huko Dar wanaozigeuza tamthilia za zamani kuwa katuni za mtindo wa manga wa Kijapani, ili watoto wanaozikimbia zikiwa maneno matupu wazisome zikiwa na picha. Jina la Kazija lilikuwa kwenye jalada, chini ya jina la baba yake. Alikuwa amelisoma mara tatu na alikuwa anakwenda ya nne.

Mzee Maftaha, kwa kuchoka kungoja zamu, akaokota ukurasa mmoja kutoka kwenye kaunta.

"Samahani, binti. Huyu mwenye kilemba ni nani?"

"Shikamoo, mzee. Huyo ni Liwali wa Kivinje, wa enzi zile."

"Marahaba. Liwali huyo, Mwislamu?"

"Mwislamu, mzee."

"Sasa mbona anakula kwa mkono wa kushoto?"

Kazija aliinama kutazama, huku bado anatabasamu. Kweli, vidole vya kushoto vya Liwali vilikuwa ndani ya pilau. Akachukua ukurasa wa pili. Mama anamlisha mtoto uji, kwa kushoto. Wa tatu: wazee wawili wanapeana mikono, kushoto kwa kushoto. Wa nne: kadhi anapokea kikombe cha kahawa, kushoto. Tabasamu likamtoka usoni.

"Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni," alisema Mzee Maftaha akiwageukia wenzake wa kwenye foleni. "Jamani, mji mzima mashoto!"

Foleni ikaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha ubaya, lakini kicheko hakina haja ya ubaya ili kiumize. Mama mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akanyoosha shingo naye aone. Fortunata peke yake hakucheka.

"Hata kwetu bara, da Kazija," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi Mkristo, lakini nikimpa mkwe kitu kwa kushoto nitaulizwa nimelelewa wapi."

Kazija alikuwa anafunua haraka haraka kuutafuta ukurasa wa sitini na moja. Akauona. Pale yupo Bi Somoe, mjane ambaye Liwali amemnyang'anya shamba la minazi, kisha akamwalika karamuni na kumpa sinia la chakula mbele ya watu ili anyamaze. Katika tamthilia Bi Somoe halii wala hatukani. Anasimama, analichukua lile sinia, anamrudishia Liwali kwa mkono wa kushoto. Ni hilo tu. Kwa hilo tu anafungwa, na kwa hilo tu watu wanasusa karamu, na tamthilia inakwisha.

Kwenye karatasi aliyoshika Kazija, mji mzima ulikula, ukapeana na kusalimiana kwa kushoto. Mmoja tu katika mji ule alitoa kitu kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote. Alikuwa Bi Somoe.

 

Kazija alipiga simu akiwa amekaa kwenye baraza ya duka la vyombo, kurasa ziko mapajani, joto bado halijaisha kwenye karatasi.

"Dada Kazija!" Brighton, mhariri, alikuwa kijana mchangamfu asiyejua kuanza na salamu. "Umeziona? Moto, au siyo?"

"Nimeziona. Mmezigeuza."

"Aah, hiyo. Ilibidi. Wewe ulichora zote kuanzia kulia kwenda kushoto. Kitabu chako kinafunguliwa kwa nyuma."

"Si ndivyo vilivyo vile vitabu vitatu vya Kijapani mlivyonitumia? Mlisema nifuate vile."

"Mtindo, dada! Macho, nywele, spidi. Siyo upande wa kufungulia."

Kazija aliikumbuka vizuri siku ile bahasha ilipofika. Alivifungua vile vitabu, akaona vinaanzia kulia, akafurahi kama aliyekutana na ndugu ugenini, maana juzuu aliyoanzia kusoma chuoni, kwenye chuo cha Kurani, alipokuwa na miaka mitano nayo inafunguliwa hivyo hivyo. Mama yake alivishika, akavifunua bila kuuliza, akasema, "Kumbe Wajapani nao wamepita chuoni." Wakacheka wote. Haikumpitikia kwamba kuna la kuuliza. Akachora miezi minane, akaskani, akatuma zote kwa mkupuo.

"Kompyuta imezigeuza kama kioo," Brighton aliendelea. "Maneno tumeyaweka baadaye, yanasomeka. Hakuna kilichoharibika."

"Wote wanakula kwa kushoto, Brighton."

"Nani?"

"Wote. Halafu Bi Somoe anamrudishia Liwali sinia kwa kulia."

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa.

"Okei, nimekuelewa. Ila dada, tuseme ukweli. Mtoto wa Mwanza, wa Arusha, atatazama mikono? Atatazama hadithi."

"Mkono ndiyo hadithi."

"Basi tutaandika pale chini: *Bi Somoe anarudisha sinia kwa dharau.* Mambo kwisha."

Kazija alipandwa na hasira ambayo kwa malezi yake haikujua pa kutokea. Tangu lini dharau ikahitaji kuandikiwa maelezo? Lakini Brighton hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mbali, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Brighton akamwambia kwa upole kwamba kitabu kinaingia mtamboni wiki hii, kwamba anahitaji ridhaa yake kwa maandishi ifikapo Ijumaa, na kwamba asiporidhia mtamboni kitaingia kitabu kingine na chao kitasubiri. Kitasubiri mpaka lini? Hilo Brighton hakulijua.

 

Mchana walikula ndani kwa sababu uani kulikuwa na moshi. Sadick, mume wa Kazija, ni fundi wa mafriji na ana tabia ya kutaka kila kilichoharibika kitengenezwe kwa kipuri kilichopo. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa, akasema:

"Kubali."

"Wewe umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Nusu ya malipo ndiyo yale mabati hapo juu. Nusu nyingine wanatoa kitabu kikitoka. Kisipotoka tutawarudishia mabati?" Akashusha sauti, maana mama mkwe wake alikuwa palepale. "Na zaidi ya hilo, miezi minane, Kazija. Umekataa piko za watu miezi minane. Kitoke, watu waone jina lako."

"Waone jina langu wacheke. Leo wamecheka stationeri."

"Walicheka dakika moja wakaendelea na kopi zao."

Kazija akamgeukia mama yake. Bi Mwanaidi alikuwa anakula polepole, macho kwenye sahani. Huyu ndiye aliyekuwa Bi Somoe wa kwanza. Mwaka ule alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa katika darasa la elimu ya watu wazima, anajifunza herufi za Kizungu kwa Mwalimu Issa, na tamthilia ilichezwa na darasa hilo. Baadaye mwalimu akaja kuposa. Mpaka leo Kivinje wazee wakimwona hawamwiti Mwanaidi. Wanamwita, "Bi Somoe! Mkono wa kushoto!" naye huinamisha kichwa na kutabasamu. Kazija alikulia ndani ya sifa hiyo kama wengine wanavyokulia ndani ya nyumba ya mawe.

"Mama, mwambie mkweo. Mwambie haiwezekani."

Bi Mwanaidi aliomba miwani yake. Akauchukua ukurasa wa sitini na moja, akausogeza dirishani, akautazama kwa muda mrefu kuliko inavyotazamwa picha iliyochorwa na mwanao.

"Waache," alisema. "Kiende hivyo hivyo."

"Mama!"

"Ndivyo ilivyokuwa." Akaurudisha ukurasa, akainuka, akaenda kunawa. Wali ulikuwa umebaki nusu sahani.

Sadick alimtazama mkewe na kufungua viganja, kama anayesema si mimi niliyemfundisha. Kazija hakula tena. Alidhani mume atampinga, na alikuwa amejipanga kwa hilo. Kwa kupingwa na Bi Somoe mwenyewe hakuwa amejipanga.

 

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuja kesho yake asubuhi. Sadick alikuwa ameshakwenda kazini. Bi Mwanaidi alikuwa ukumbini anapepeta mchele, na bila kuinua uso akasema:

"Kazija. Kaa."

Kazija akakaa.

"Siku ile ya Kivinje, aliyekuwa acheze Liwali alikuwa bwana mmoja wa forodhani. Tulifanya naye mazoezi wiki sita. Sinia nilimpa kwa kushoto mara mia, hadi baba yako akawa ananitania kwamba nimezaliwa kwa kazi hiyo. Siku yenyewe yule bwana akaamka na homa. Watu wameshajaa uwanjani, wakubwa wameshakaa vitini. Nani anajua maneno ya Liwali? Akatokea mmoja, aliyekuwa akija kutazama mazoezi kila jioni. Baba mkubwa Hamisi."

"Baba mkubwa wako?"

"Kaka wa baba. Aliyenilea baba alipofariki. Akavikwa joho na kilemba, akakaa kitini, akasema maneno yote sawasawa. Ikafika zamu yangu. Nikalishika sinia." Ungo ukasimama. "Mwanangu, mbele yangu sikumwona Liwali. Nilimwona baba mkubwa kanikodolea macho. Nikampa kwa kulia. Na goti nikalikunja."

Kazija alisikia maneno, ila ilimchukua muda kuyakubali.

"Lakini watu waliona. Kivinje nzima wanasema waliona."

"Uwanja mkubwa, watu wanasukumana, nani alitazama mkono? Mwaka uliofuata kitabu kikatoka, kimeandikwa kushoto. Watu wakasoma, wakakumbuka walichosoma, wakadhani ndicho walichokiona. Wakaanza kuniita. Ningewaambia nini? Mara ya kwanza niliona haya. Mara ya kumi nilizoea. Nimeitwa jina lisilo langu miaka karibu hamsini, na nimelijibu."

"Na baba?"

"Baba yako alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, nyuma ya pazia. Aliona. Tulipokuwa tunarudi akasema neno moja tu: kitabuni nitaandika kushoto. Hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini. Nami sikumuuliza kama alikuwa ananisitiri au ananisuta."

Akautingisha ungo kidogo, mchele ukatawanyika upya. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, na hakuyafuta.

"Jana nilipoiona picha nikasema, Mungu hafichwi kitu. Hata mashine ya Dar imejua. Nikaona kiende hivyo, ndiyo kweli yenyewe, niache kubeba sifa ya watu. Lakini sikulala vizuri, Kazija. Aliyeshindwa ni mimi, Mwanaidi. Somoe hakushindwa. Kwa nini nimvute huyu mwanamke wa watu aje kukaa kwenye aibu yangu?"

"Kwa hiyo nisikubali?"

"Nakuuliza wewe. Mchoraji ni wewe."

Kazija alimwangalia mama yake, yule aliyemdhania jabali, akamwona mzee mmoja mwembamba mwenye pumba za mchele kwenye kanga. Alimpenda kuliko siku zote. Akanyoosha mkono akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, kisha akaenda kutafuta simu.

 

Safari hii alianza yeye, na hakumpa Brighton nafasi ya uchangamfu.

"Sikubali. Lakini sikuachi mkono mtupu. Nipe siku kumi. Nitachukua kurasa zenu hizi hizi zilizogeuzwa, nitachora mikono upya, tu. Nimezihesabu: kurasa arobaini na moja zina mkono unaofanya kitu. Nyingine ziende kama zilivyo."

"Dada, ratiba..."

"Ukimtoa Somoe kwa mkono wa kulia, umetoa kitabu cha mwanamke aliyerudisha vyombo. Nani atanunua?"

Brighton akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema atazungumza na wakubwa. Saa tisa alasiri akapiga: siku kumi amepewa, nyongeza ya malipo hakuna, gharama za kuskani juu yake, na akichelewa hata siku moja kitabu kinatoka kama kilivyo kwenye kompyuta. Kazija akakubali yote. Akawapigia watu wa Mchinga kuwaambia kwamba piko za harusi mbili hataziweza. Mama wa bibi harusi mmoja alimwambia amekuwa mtu wa kujisikia siku hizi, naye akasema, "Nisamehe, mama," akakata.

Sadick alirudi akakuta mkewe amebandika karatasi kwenye kioo cha dirisha kwa selotepu, karatasi nyingine juu yake, anafuatisha mistari kwa mwanga wa jua na kubadilisha mikono tu. Alisimama nyuma yake kwa muda.

"Hapo kidole gumba kimekaa vibaya," alisema hatimaye. "Nikuwekee mkono wangu utazame?"

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kusema yaishe. Tangu siku hiyo kila mchana alirudi nusu saa kabla ya chakula, akakaa mkekani akala pilau isiyokuwepo kwa mkono wa kulia, akapokea kahawa, akawapa watu mkono hewani. Jirani aliyechungulia juu ya ua alikwenda kusema kwamba fundi Sadick ameanza kuzungumza na mashetani.

 

Ukurasa wa sitini na moja Kazija aliuacha wa mwisho. Huo hakutaka kuufuatisha kwenye kioo. Alitaka kuuchora upya wote, na alitaka kuwaona Liwali na Somoe wamesimama mbele yake.

Siku ya tisa, saa tano asubuhi, alimkalisha Sadick kwenye kiti cha ukumbini, kanga imeviringwa kichwani kuwa kilemba. Mbele yake akamsimamisha Bi Mwanaidi na sinia dogo la shaba.

"Nyie simameni tu, msicheze," alisema. "Nahitaji dakika kumi za mkono."

Bi Mwanaidi aliinua sinia. Liliinuka kwa kulia. Akalishusha, akalihamishia kushoto, akalinyoosha, na lilipofika katikati mkono wa kulia ukaja wenyewe kulisaidia.

"Siwezi," alisema. "Huyu ni mkwe wangu. Ananiletea mkate kila asubuhi."

"Mama, mimi leo siye Sadick," alisema Sadick. "Mimi nimekuibia minazi. Nimekula nazi zako zote, na madafu nimeuza Kilwa Masoko."

Bi Mwanaidi akacheka, naye Kazija akacheka, sinia likatetemeka. Kisha kicheko kikamwisha mama mtu usoni kidogo kidogo, kikabaki kitu ambacho Kazija hakuwahi kukiona pale. Mkono wa kulia aliuficha nyuma, akakamata doti yake. Wa kushoto ukatoka mbele, umenyooka, bila kuharakisha. Goti halikukunjwa.

"Pokea chako, Liwali," alisema. "Mimi nimeshiba."

Kitabuni Mwalimu Issa aliandika kwamba hapo Liwali anaruka kwa hasira, anapiga kiti teke na kuwaita askari. Sadick alikuwa anajua. Amekisoma mara nyingi. Lakini hakuruka. Mkono wa kushoto wa mama mkwe wake ulikuwa mbele ya kifua chake, na uso ukamshuka wenyewe. Alilipokea lile sinia kwa mikono miwili, macho chini, masikio yamemwiva, kama mtu aliyeambiwa mbele ya watu jambo analojua ni kweli.

"Sadick, uso juu," Kazija alisema. "Liwali amekasirika hapo."

"Mwache," alisema Bi Mwanaidi. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. "Mchore hivyo hivyo."

"Baba hakuandika hivyo, mama."

"Baba yako hakuwahi kupewa kwa kushoto."

Kazija alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, kisha akavuta karatasi karibu na kuanza kuchora.